Binti kapata nafasi kwenye droo, kaka yake ana doa kwenye faili

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunakaa kusini-magharibi mwa Houston, Texas. Kwetu ni Fizi, Kongo, lakini miaka mingi tuliishi kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Ninaokuandikia habari zao ni wawili: kijana wangu wa miaka 14 na mdogo wake wa kike mwenye miaka 11.

Mwaka jana rafiki yangu wa kanisani aliniambia kuna shule ya chata ambako watoto wake wanasoma. Alisema ni shule ya umma inayoendeshwa na shirika, ni bure, wanavaa sare, walimu wanafuatilia. Nikawaombea wote wawili kwa simu. Ilipofika Februari wakafanya droo. Jina la binti likatoka, la kijana likaenda kwenye orodha ya kusubiri, huko chini kabisa. Nilifurahi nusu. Kijana si mwepesi wa masomo kama dada yake, nikasema labda ndiyo maana hawakumchagua.

Mwezi uliopita ofisi ya shule ikanipigia simu. Kwa sababu dada yake kapata, na yeye amepandishwa kwenye orodha, na nafasi ya darasa la tisa imepatikana. Wakanitumia karatasi za kuandikisha. Ukurasa wa pili unauliza: je, mwanafunzi amewahi kupelekwa shule ya nidhamu, au ana kesi katika mahakama ya watoto? Kuna kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana.

Mshauri, kijana wangu amewahi kupelekwa. Alikutwa na vepu, ile sigara ya umeme, kwenye begi. Anasema alishikishwa na mwenzake, mimi sijui. Siku ile niliitwa shuleni asubuhi nikiwa nimetoka kazini usiku kucha. Binti alikuwa nami kwa sababu tulikuwa tunakwenda kwa daktari wa meno. Mkalimani hakuwepo. Msaidizi wa mwalimu mkuu akazungumza kwa muda mrefu, ana karatasi mezani, anaonyesha kwa kalamu. Nikamwuliza binti, anasemaje? Akaniangalia, akasema, "Mama, wanasema Kaka atakaa shule nyingine kidogo halafu atarudi." Nikatia sahihi. Baadaye ndiyo nikaelewa ni shule ya nidhamu, siku 45, kila asubuhi anapekuliwa mlangoni, mifuko inatolewa nje. Alizimaliza. Hajarudia kosa. Lakini tangu arudi amekuwa mtu wa kimya.

Sasa rafiki yangu anasema, "Andika hapana, hao hawaangalii." Bwana yangu anasema tuache yote, wabaki shule za mtaa huu, watoto wa nyumba moja hawagawanywi. Binti analia, anataka kwenda. Kijana nilipomwuliza akasema, "Andika unavyotaka, Mama, mimi sijali."

Naogopa. Nikiandika ndiyo, watamkataa, na labda nafasi ya binti nayo wataichukua. Nikiandika hapana na wakagundua, sisi ni wakimbizi, na bwana yangu anajiandaa kuomba uraia. Tena kijana hana cheti cha kuzaliwa. Karatasi zake zote zinasema alizaliwa tarehe 1 Januari, na kila ofisi hilo wanalishangaa. Moyoni natamani waende pamoja, maana dada yake akiwa karibu atamwangalia.

Karatasi zinatakiwa kurudi kabla ya mwisho wa mwezi. Niandike nini?

Mama wa Wanne, Houston

*

Marahaba, mama. Poleni na mahangaiko.

Umeniuliza juu ya kisanduku kimoja, lakini ndani ya barua yako mambo matatu yamefungwa fundo moja: nafasi ya binti, faili la kijana, na hofu kwamba watoto wako wanagawanyika mikononi mwako. Karatasi ile imeyakutanisha kwa bahati mbaya. Naomba tulifungue fundo kwanza, maana baadhi ya unayoyaogopa hayategemeani.

Tuanze na binti. Kila mtoto huandikishwa kwa ombi lake mwenyewe. Undugu unaweza kumpandisha kaka kwa sababu ya dada, ila sheria haisemi popote kwamba rekodi ya kaka inamteremsha dada aliyekwisha kupata. Kinachoweza kumpotezea binti nafasi ni tarehe. Karatasi zake zikikaa mezani kwako huku mkibishana juu ya kijana, mwisho wa mwezi ukipita shule humwita anayefuata kwenye orodha.

La pili ni hilo neno lako, "hawakumchagua." Hapo nakukatalia kidogo, mama. Texas ilianza kuruhusu shule za chata mwaka 1995, nazo ni shule za umma: zinaendeshwa na shirika kwa mkataba na jimbo, fedha zinatoka serikalini, na haziruhusiwi kutoza ada. Sheria inazizuia kumbagua mtoto kwa sababu ya asili yake, dini, ulemavu au uwezo wake wa masomo. Shule ya sanaa za maonyesho ndiyo inayoruhusiwa kumfanyia mtoto majaribio ya kipaji. Nyingine haziruhusiwi kuchuja werevu. Waombaji wakizidi nafasi, mara nyingi hupigwa droo, kama mlivyofanyiwa. Kwa hiyo Februari hakuna aliyekaa akalinganisha alama za wanao. Jina la mmoja lilitoka, la mwingine halikutoka. Kama nyumbani kijana amesikia kwamba dada kachaguliwa na yeye kaachwa, huenda hapo pana sehemu ya ukimya wake, na hiyo unaweza kuirekebisha jioni hii bila kwenda ofisi yoyote.

Sasa kisanduku chenyewe. Swali lile halikuwekwa kwa ajili ya wakimbizi. Sheria ya elimu ya Texas inairuhusu shule ya chata kumkataa mwanafunzi mwenye kumbukumbu ya kosa la jinai, hukumu ya mahakama ya watoto, au matatizo ya nidhamu yaliyoandikwa rasmi. Shule ya kawaida ya eneo lenu haina ruhusa ya namna hiyo kwa mtoto anayeishi mtaani kwake. Wapo wanaoona si haki shule zinazolipwa na kodi ileile kuwa na mlango ambao wenzao hawana, na mimi nawaelewa. Lakini sheria inasema shule *inaweza*, haikusema lazima. Anayetaka kuutumia mlango huo anatakiwa awe ameuandika katika mkataba wake na sera yake ya kuandikisha. Ndiyo maana shule mbili zilizo barabara moja zinaweza kumpokea mtoto yuleyule kwa namna mbili. Moja inakataa moja kwa moja. Nyingine inaangalia kosa lilikuwa nini, lilitokea lini, mtoto amekaaje tangu hapo.

Wewe na rafiki yako mmekwisha kuamua kwamba "ndiyo" maana yake ni kukataliwa. Mmejuaje? Barua yako haisemi kama kuna mtu aliyeisoma sera ya shule hiyo. Unaweza kupiga simu ukauliza bila kutaja jina la mtoto: mtoto aliyepelekwa shule ya nidhamu kwa vepu, akamaliza siku zake, akarudi shuleni bila kosa jingine, sera yenu inasemaje juu yake? Omba mkalimani wa Kiswahili. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mzazi halipii. Mara nyingi watakuunganisha kwa simu na mtu aliye mbali, pengine Mkenya, na mtapishana maneno kidogo. Mwombe arudie taratibu mpaka uridhike. Usione haya.

Kuhusu kosa lenyewe, ujue kijana wako hakuwa peke yake. Tangu Septemba 2023 sheria mpya ya jimbo ilizitaka shule kumpeleka shule ya nidhamu mtoto yeyote anayekutwa na vepu, na watoto wengi wasio na fujo yoyote wakajikuta huko. Mwaka 2025 Bunge la Texas likalegeza kwa kosa la kwanza. Walioko kwenye ofisi za kuandikisha wanaijua historia hiyo. Sisemi watamhurumia, ila hawataona kitu kigeni.

Lipo jambo jingine linalonisumbua kuliko kisanduku. Wewe ulitia sahihi karatasi ambayo hukuielewa. Una uhakika gani kwamba kilichoandikwa mle ni vepu tu? Sheria ya nchi tangu 1974 inampa mzazi haki ya kuona kumbukumbu za mtoto wake shuleni, na shule ina siku 45 za kukutimizia ombi hilo, ingawa nyingi hutoa mapema ukifika mwenyewe. Kabla ya kuandika ndiyo wala hapana, ningependa mtu mzima anayejua Kiingereza akusomee faili lile neno kwa neno. Asiwe binti.

Sasa tuangalie njia zilizoko mbele yako, na hatari ya kila moja.

Njia ya rafiki yako. Simlaumu, anakutakia mema, na pengine anamjua mtu aliyeandika hapana ikapita. Lakini mtoto anapohama, shule mpya huomba faili lake kwa ile ya zamani, na sheria ya Texas inaipa ile ya zamani siku 10 za kazi kulituma. Hatua ya nidhamu husafiri na faili. Fikiria basi Septemba au Oktoba: kijana ameshazoea, ana marafiki wawili watatu, ndipo anaitwa ofisini na kuambiwa atoke. Tena kutumia hati au rekodi ya uongo kuandikisha mtoto ni kosa la jinai Texas, na shule za umma hutakiwa kumweleza mzazi hivyo wakati wa kuandikisha. Mzazi anaweza hata kudaiwa gharama. Kama alama kwenye kisanduku inaingia humo, hilo ni swali la mwanasheria. Na uraia wa bwana yako? Sitaki kukutisha. Sijasikia mtu akifukuzwa nchini kwa kisanduku kimoja cha shule. Lakini fomu ya uraia inauliza kama umewahi kuwapa maofisa wa serikali ya Marekani taarifa za uongo, na inapima mwenendo wa mwombaji. Akiwa amekaribia kuomba, hilo amwulize mwanasheria wa uhamiaji. Shirika lililowapokea mlipofika huenda linajua wanaotoa msaada huo bure au kwa bei nafuu.

Na kijana je? Amekwambia hajali. Atakapoona umeandika hapana atajua kwamba mama yake anaona kile alichokifanya ni cha kufichwa. Huenda akashukuru. Huenda pia akajifunza kuogopa faili lake maisha yote. Wewe unamjua kuliko mimi.

Njia ya kuandika ndiyo ina hatari yake, tena si ndogo. Shule ikikataa, mtoto aliyekwisha kuadhibiwa mara moja ataona ameadhibiwa tena kwa kosa lilelile, safari hii na watu ambao hawajawahi kumwona. Ukienda huko, usiipeleke "ndiyo" ikiwa uchi. Iambatane na barua fupi: nini kilitokea, siku zilimalizika lini, tangu hapo hakuna kosa, na kama yupo mwalimu anayemjua vizuri, maneno mawili kutoka kwake. Ikibidi kukataliwa, omba waandike sababu na waonyeshe ni kifungu gani cha sera yao.

Njia ya tatu ni binti kwenda peke yake na kijana kubaki shule ya eneo lenu, ambayo haiwezi kumfungia mlango kwa ajili ya vepu ile. Hapa nagusana na kauli ya bwana yako. Naiheshimu. Mtu aliyewavusha watoto wake kutoka Fizi hadi Kigoma hadi Texas hasemi "hawagawanywi" kwa mdomo tu. Lakini mwulizeni pamoja swali hili: mwaka ujao binti anaingia darasa la sita na kijana la tisa. Katika shule nyingi za mtaa, la sita liko kwenye jengo la shule ya kati na la tisa liko sekondari ya juu, mahali pengine kabisa. Yaani hata mkikataa chata, asubuhi wataagana mlangoni. Je, kugawanyika anakokuogopa baba ni kwa majengo, au kuna kingine? Pengine anaogopa mmoja akitoka mbele na mwingine akabaki nyuma. Kama ndilo, halitibiwi kwa kumzuia binti, na halitibiwi pia kwa kumwingiza kijana shule asiyoitaka.

Tena mama, na hili nalisema kwa upole, angalia sentensi yako ya mwisho kuhusu binti: "dada yake akiwa karibu atamwangalia." Ana miaka 11. Asubuhi ile ofisini alibeba maneno ya watu wazima, akaona uso wa mama yake umechoka, akayapunguza makali ili yasikuumize. Mtoto mwenye moyo huo hatakataa ukimpa kazi ya kumlinda kaka yake. Swali ni kama anaiweza pamoja na masomo yake, na kama kaka mwenye miaka 14 anapenda kulindwa na mdogo wake wa kike. Naelewa kwa nini unataka hivyo; uko kazini usiku, huwezi kuwa kila mahali. Labda pana mtu mzima anayeweza kukushika mkono kwa kijana: mwalimu mmoja, kocha wa mpira, baba mdogo, kijana mkubwa wa kanisani.

Mengine nayapitia haraka. Cheti cha kuzaliwa kisikuzuie: Texas inakubali hati nyingine inayothibitisha mtoto ni nani, na karatasi zenu za ukimbizi zimekwisha kutumika hivyo. Tarehe 1 Januari wataishangaa, kisha wataiandika. Usafiri nao uulize mapema. Shule za chata kwa kawaida hazilazimiki kuwa na basi, na umbali unaoonekana mfupi kwa gari la rafiki yako si mfupi kwa mtu aliyetoka shifti ya usiku bila gari. Uliza pia wana mpango gani kwa watoto wanaojifunza Kiingereza. Sare na walimu wanaofuatilia ni vizuri, lakini zipo chata nzuri, zipo za hovyo, na shule yako ya mtaa nayo nenda ukaiangalie kwa macho yako kabla ya kuihukumu. Binti akienda chata isipomfaa, shule ya eneo lenu inalazimika kumpokea wakati wowote. Kinyume chake si rahisi: kiti cha chata ukikiacha, unarudi mwisho wa foleni.

Ukiniuliza tena niandike nini, nitakurudishia kwa kijana kwanza. Ulimwuliza uandike nini, akasema hajali. Hujamwuliza, au hukuniandikia kama ulimwuliza, angependa kusoma wapi kama kisanduku kile kisingekuwepo. Mwulize mkiwa wawili tu, dada yake asiwepo, na umpe muda. Mwache pia asimulie habari ya vepu na ya zile siku 45 kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, bila wewe kuamua ni kweli au uongo. Akisema anaitaka ile shule, utakuwa na sababu ya kuihangaikia, na barua ya kuambatanisha mtaiandika pamoja. Akisema haitaki, kisanduku hakina kazi tena.

Kwa wiki hii, karatasi za binti zirudishe peke yake, kama baba yake atakubali, na usitoke ofisini bila kitu kilichoandikwa kwamba zimepokelewa. Za kijana, waulize nafasi yake inashikiliwa mpaka tarehe gani. Wakikupa hata siku chache za ziada, zitumie kulipata lile faili.